Skyrim: dunia inayokukaribisha vizuri kisha haikukumbuki (uzi mrefu)

MKAZI WA MABIBO

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani kila mtu akiuliza gemu nzuri ya kucheza peke yake nyumbani, anatupiwa majina matano bila maelezo, uzi unaishia hapo. Leo naomba tukae na gemu moja tu tuipekue mpaka ndani. Ni The Elder Scrolls V: Skyrim. Ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, wametengeneza Bethesda Game Studios chini ya Todd Howard, na mwaka 2023 Howard mwenyewe alisema zimeshauzwa nakala zaidi ya milioni 60. Mimi naicheza kwa vipindi tangu 2015. Hakuna gemu ninayoipenda kuizidi, na ndiyo maana nina madai nayo.

Kwa wasioijua, inaanza hivi. Unaamka umefungwa mikono kwenye mkokoteni wa farasi, unapelekwa kukatwa kichwa mji unaoitwa Helgen. Kichwa kiko juu ya gogo tayari, joka jeusi linatua kwenye mnara na kuteketeza mji mzima. Unakimbia na roho yako. Ukishatoka pale, basi, gemu inakuachia. Ipo hadithi kuu, kwamba majoka yamerudi na wewe umezaliwa na uwezo wa kumeza roho zao, lakini hakuna anayekushika mkono kukupeleka. Unaweza kuchimba madini, kuoa, kujenga nyumba, kuwa mwizi wa mifukoni, au ukapanda mlima kwa sababu umeuona tu.

Naanza na mazuri, na la kwanza ni kutembea. Mwaka 2015 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mabibo, bati halina dari, mwezi wa pili, lile joto la kukufanya ulale sakafuni. Laptopu ya mtumba nimeichukua Kariakoo, feni moja, na kila usiku lazima niamue feni imwangalie nani, mimi au laptopu. Nikatoka Riverwood, kijiji cha mwanzo, nikavuka daraja, nikafuata njia inayopanda kuelekea magofu ya Bleak Falls Barrow. Njiani hali ya hewa ikageuka. Theluji ikaanza kudondoka taratibu, upepo unavuma kwenye spika, na ule muziki wa Jeremy Soule ukaingia kwa mbali kama mtu anayeimba nyumba ya pili. Mimi ni mtoto wa Dar. Theluji nimeiona mara moja maishani, kilele cha Kilimanjaro alfajiri, basi likipita Moshi. Usiku ule nilikaa karibu nusu saa sijapigana na kiumbe chochote, natembea tu kwenye weupe ule, na nawaambia kweli, nilisikia baridi.

Waliotengeneza ramani walijua kwamba mlima ukiuonyesha, uufanye ufikike. Ukiwa uwanda wa mji wa Whiterun unauona mlima mkubwa kuliko yote, umefunikwa mawingu. Siku yoyote unaweza kuanza kuupanda kwa njia ya ngazi ambazo simulizi za wenyeji zinasema ni 7,000. Njiani kuna vibao vya mawe vya kusoma, kuna mahujaji, kuna mbwamwitu, na juu kabisa kuna wazee wanaoishi kimya kwa sababu sauti zao zinaweza kuua. Jengo lao halikuwekwa pale kama picha ya ukutani. Unafika, unagusa mlango, unaingia.

La pili, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Pwani ya kaskazini, mashariki ya mji wa Dawnstar, kuna mnara wa taa unaitwa Frostflow. Hakuna mtu yeyote kwenye gemu anayekutuma huko. Mimi niliuona tu moto wake usiku nikaufuata. Ndani ukakuta mama ameuawa, jina lake Ramati, damu imekauka, na daftari lake limebaki. Unasoma. Kumbe ni familia iliyohamia pale kwa sababu baba, Habd, aliipenda bahari. Watoto wawili, Mani na Sudi. Wakuu, Sudi! Nilisimama. Nina binamu anaitwa Sudi. Chini ya nyumba kuna pango limejaa wadudu wakubwa na viumbe vipofu, na kadiri unavyoshuka unaokota karatasi moja moja, unaijua familia hii vizuri huku unajua tayari umechelewa. Ukimuua yule mdudu mkubwa kuliko wote, ndani yake unakuta mabaki ya Habd. Na kama ulisoma daftari lake kwa makini, utakumbuka aliandika kwamba akifa angependa mabaki yake yawekwe kwenye moto wa mnara. Hakuna mshale unaokuelekeza, hakuna orodha inayosema "fanya hivi". Unapanda ngazi mwenyewe, unayaweka motoni, na unapata baraka ndogo ya kuponya vidonda kwa asilimia 10 zaidi.

Nilifanya mazishi ya baba wa watu kwenye laptopu saa nane usiku, hakuna aliyenituma. Hiyo ndiyo Skyrim ikiwa kwenye ubora wake.

La tatu ni mfumo wa kukua. Kuna stadi 18, na kila moja inapanda kwa kuitumia. Ukitaka kuwa mhunzi, fua chuma. Ukitaka kuwa mchawi, choma watu moto. Hupewi pointi za kupandishia stadi kama posho. Mtu anayeokota upinde kwa bahati mbaya siku ya kwanza, baada ya wiki mbili anajikuta mwindaji, na hakukaa chini kuamua.

La nne dogo ila kwetu ni kubwa: unasevu, yaani unahifadhi ulipofikia, popote, muda wowote, kitufe kimoja tu, F5. Betri yangu ilikuwa inashika dakika ishirini umeme ukikatika. Kuna gemu nyingi nzuri ambazo zinakutaka ufike sehemu fulani ndiyo zisevu, na mtaa wangu haukuwa na subira hiyo.

Naweka nukta hapa, nile, nirudi na madai.

KIPANGA 92

Nimeweka kambi. Leta madai mkuu, maana najua yapo mengi.

BINTI WA KIGAMBONI

Ile ya mnara wa taa nilipita bila kuingia. Leo narudi.

MKAZI WA MABIBO

Nimerudi wakuu.

Dai langu kubwa ni moja na mengine yote ni watoto wake: watu wa Skyrim hawakukumbuki.

Huku kwetu ukimkamata mwizi wa kuku saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi mama wa maandazi anakupa la bure, jioni watoto wanakuita jina jipya, na mwaka mzima ukipita dukani kwa Mangi lazima mtu aseme "huyu ndiye yule". Sasa njoo Skyrim. Kuna chuo cha wachawi kule Winterhold. Mlangoni unapewa mtihani wa uchawi mmoja, unaingia, unafanya misheni chache, na mwisho wake unakuwa mkuu wa chuo chote. Mimi mara ya kwanza nilifika ukuu huo nikiwa na shoka. Uchawi niliokuwa najua ni ule wa kujitibu na cheche kidogo. Nikavaa joho la mkuu, nikasubiri. Wanafunzi wale wale wakaendelea na maneno yale yale. Hakuna kikao, hakuna aliyekuja kuomba ruhusa, hakuna mwalimu aliyenuna kwa kurukwa. Nimepewa cheo na funguo, kazi sijapewa.

Vita ndiyo inaumiza zaidi. Nchi imegawanyika: Dola upande mmoja, waasi wa Ulfric Stormcloak upande mwingine. Hoja za pande zote ni nzito. Ulfric anapigania ibada waliyokatazwa na mkataba wa kujisalimisha, lakini nenda mji wake wa Windhelm uone jamii ya Dark Elves walivyorundikwa mtaa mbovu na Argonians, wale watu-mijusi, wanavyolala bandarini, hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Mtu aliyekaa akaandika hayo alikuwa na akili. Nilitafakari siku tatu nimuunge nani. Kisha vita yenyewe ikawa kuvamia ngome hii, kisha ngome ile, askari wachache wanakimbia, unaua mpaka hesabu iishe. Nikashinda. Nikatoka nje kuangalia nchi yangu mpya. Machifu wengine wamebadilishwa, bendera zimebadilishwa, na porini kambi za walioshindwa bado zipo na askari wake. Wale Argonians wa bandarini wako pale pale bandarini.

Wafu wa Skyrim wana maisha kuliko walio hai. Familia ya mnara wa taa naijua kuliko mke niliyefunga naye ndoa kwenye gemu. Kila asubuhi alikuwa ananipa sehemu ya faida ya duka, na hayo ndiyo mazungumzo.

Dai lingine ni ule mshale. Kila misheni ina alama kwenye dira inakuonyesha pa kwenda, na ukiizima umekwama, kwa sababu watu hawakuelekezi kwa maneno. Anakwambia tu "nenda ukamtafute". Wapi? Morrowind ya 2002, ya kampuni hiyo hiyo, watu walikuwa wanaelekeza kama tunavyoelekezana sisi: fuata mto, ukiona daraja usivuke, kata kulia kwenye jiwe kubwa. Mtu wa Dar anaielewa hiyo lugha. Ukija kwangu nitakwambia shuka mwisho wa gari, ulizia kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu yenye geti la bluu. Unapoelekezwa hivyo unaangalia dunia. Mshale unakufanya uangalie mshale.

Mapigano sitakaa sana. Upanga hauna uzito, unampiga mtu kama unapiga godoro. Ukikaribia kufa, unafungua menyu, muda unasimama, unakula jibini ishirini, unarudi mzima. Ukipandisha ugumu, adui anakuwa na damu nyingi tu na wewe unakuwa mwepesi wa kufa, akili yake ni ile ile. Ndiyo sababu wengi wetu tunaishia kujificha gizani na upinde: ndiyo njia pekee ambayo kuua kuna utamu. Joka la kwanza, pale mnara wa magharibi wa Whiterun, lilinitetemesha mikono. Joka la arobaini nililiona nikaendelea kuchuma maua.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mpinge.

FUNDI WA TANDIKA

Uzi umeshiba mkuu. Nakusahihisha kidogo kwa heshima. Si kweli kwamba dunia haijibu kabisa. Mwanzoni ukifikisha ujumbe wa joka kwa Jarl Balgruuf, chifu wa Whiterun, anatuma askari Riverwood, na ukirudi kijijini unawakuta wamesimama. Askari wa miji nao wanakusemesha kulingana na stadi zako: ukiwa mwizi mzoefu wanakuonya uache mikono yako mfukoni kwako. Ukiwasaidia waasi kuichukua Whiterun, Balgruuf anatolewa kwenye kiti na mzee wa ukoo wa Gray-Mane anakaa.

Kuhusu vita, kuna mengi yalitengenezwa hayakumaliziwa, na wachezaji wameyakuta ndani ya faili za gemu wakayarudisha kwa modi, yaani nyongeza wanazotengeneza wachezaji wenyewe. Ndiyo nguvu ambayo hujaitaja kabisa. Februari 2012 walitoa Creation Kit, kifaa cha kutengenezea modi, bure. Kuanzia hapo gemu ikawa ya watu. SkyUI imerekebisha zile menyu ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya pedi na televisheni. Kuna modi za baridi, kwamba ukiingia mtoni kaskazini bila moto unakufa. Kuna ya kurekebisha hitilafu mamia ambazo hazijawahi kuguswa rasmi. Na Aprili 2015 walipojaribu kuziuza modi kwa pesa, wachezaji walikataa kwa sauti moja, mpango ukafutwa ndani ya siku chache.

MKAZI WA MABIBO

Fundi, nakubali wale askari wa Riverwood, nilikuwa nimewasahau, na ni mfano mzuri sana. Umenisaidia kusema vizuri zaidi: saa mbili za mwanzo dunia inajibu. Unapeleka habari, watu wanatetemeka, askari wanatumwa, unapigana na joka, wazee wa mlimani wanakuita kwa sauti inayotikisa anga. Mtiririko ule ni wa hali ya juu. Kisha ni kama waandishi walitawanyika, kila mmoja akaenda na chama chake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake "huyu mtu kwako amekuwa nani?"

Modi nazijua, ila nilitaka kuipima gemu kama ilivyotoka jikoni. Pilau la jirani sisifii kwa sababu ya kachumbari niliyobeba mwenyewe.

KIPANGA 92

Mkuu kwa madai hayo wewe ulitakiwa uwe kwenye The Witcher 3 ya mwaka 2015. Pale kuna misheni ya kilima chenye mti, na ndani ya mti roho inakuomba uiachie. Ukiiachia, inawaokoa watoto yatima waliokuwa waliwe na wachawi. Unashukuru Mungu. Baadaye ndiyo unakuta mke wa Baron, mtawala wa eneo lile, amegeuzwa kiumbe na kufa, na Baron mwenyewe amejinyonga. Ukiiua ile roho, mke huyo anaweza kupona na Baron anaondoka naye kumtafutia tiba, lakini watoto huwaoni tena. Hakuna jibu safi, na hakuna aliyekuonya. Mimi nilizima kompyuta nikatoka nje kusimama. Hiyo ndiyo dunia inayokumbuka.

MKAZI WA MABIBO

Kipanga, sina ubishi hata kidogo. Kwa uandishi wa watu, Witcher 3 imeiacha Skyrim mbali. Nimeicheza na ile misheni iliniuma.

Ila angalia bei yake. Kule wewe ni Geralt, mwanzo mwisho. Ana sauti yake, ana mwanawe, ana wapenzi wake wa zamani. Waandishi wanajua wewe ni nani ndiyo maana wanaweza kukuumiza. Skyrim inakupa jamii 10 za kuchagua, na haijui kama utakuwa mganga, muuaji wa kulipwa au mchimba madini. Siombi iniandikie machozi ya kila mtu. Naomba vitu vidogo. Nikiwa mkuu wa chuo, mlinzi wa mlango asimame. Nikimaliza vita, mtu mmoja bandarini ahame apate chumba. Vitu vya gharama ndogo hivyo ndivyo vinavyonyima usingizi mtu anayeipenda.

MZEE WA PEDI

Vijana nawasoma. Mimi nina banda la gemu, na niliwahi kuiweka Skyrim. Niwape uzoefu wa biashara. Watoto walijaa siku ya kwanza kuangalia joka. Kuangalia. Kucheza walikuwa hawataki, kwa sababu ni ya mtu mmoja, na banda linaishi kwa wawili wanaotambiana. Mpira mechi inaisha, aliyefungwa anaachia pedi, pesa inazunguka. Skyrim kijana anakaa saa nzima anasoma vitabu. Kila mmoja anataka sevu yake, na mdogo mmoja akifuta sevu ya mkubwa panachimbika. Nikairudisha nyumbani. Nyumbani nikaicheza mimi na marehemu kaka yangu, yeye anashika pedi, mimi nasoma ramani. Alikuwa hataki kabisa kutumia ile safari ya mkato ya kubonyeza ramani ukatokea mjini. Anasema safari ni safari. Tulitumia jioni tatu kwenda Markarth kwa mguu.

MKAZI WA MABIBO

Mzee wetu, shikamoo, na pole sana kwa kaka. Jioni tatu kwenda Markarth ndiyo jinsi ya kuicheza hii gemu. Umenikumbusha na jambo la kuwaambia wanaotaka kuanza: toleo la PS3 lilijulikana dunia nzima kwa tatizo la sevu kunenepa. Ukicheza saa nyingi, faili linakua, memori ya mashine haitoshi, picha zinaanza kukwama. Marekebisho yalitoka, lakini kama una uchaguzi usianzie huko.

BINTI WA KIGAMBONI

Naomba niseme upande wa pili, sijaona mtu ameusema.

Mimi ni nesi. Siku nzima naitwa. Nesi huku, dada kule, mama wa mgonjwa wa kitanda cha tano anakuja, ndugu wanataka majibu. Nikitoka napanda pantoni, na humo pia kuna jirani anauliza dawa ya mwanawe. Nikifika nyumbani nawasha Skyrim na mtu wangu hana cheo chochote. Hata hadithi kuu nimeiacha palepale Whiterun, joka la kwanza sijaliua, kwa hiyo kwenye dunia yangu majoka hayajaanza kuzagaa. Nina upinde, nina kibanda karibu na Falkreath kwenye msitu wa misonobari. Nawinda kulungu, nauza ngozi mjini, narudi. Muuza duka ananisalimia kwa sentensi ile ile kila siku na hanidai kitu.

Kaka Mkazi, wewe unalalamika dunia haikukumbuki. Mimi hapo ndipo ninapopumzikia.

MKAZI WA MABIBO

Dada yangu, nimeisoma hii mara tatu tangu jana, nikachelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu.

Sikuwahi kufikiria kwamba ukiacha hadithi kuu, nchi nzima inatulia. Mimi nilikimbilia ukubwa: nikataka kuwa mkuu wa chuo, mkuu wa wezi, mkuu wa kila kitu, kisha nikadai heshima ya vyeo vile. Na gemu yenyewe ndiyo inakusukuma huko, kila mtu unayempita ana kazi ya kukupa na kila kazi mwisho wake ni cheo. Dai langu silifuti. Nadhani lakini nilikuwa nalipeleka mahali siyo. Kosa la waandishi ni kugawa vyeo ambavyo hawakuwa na uwezo wa kuviheshimu. Wangekiacha chuo na mkuu wake, mimi nibaki mwanafunzi mwenye chumba pale na kitabu cha kusoma, nisingelalamika.

Jana usiku nimeanza upya. Mwanamke wa jamii ya Redguard, jina nimempa Sudi. Sijaenda Whiterun. Nimepita kaskazini moja kwa moja, siku nne za gemu, nimefika mnara wa taa.

DOGO WA TEGETA

Wakuu samahani kuingilia, uzi umenipa hamu. Nina laptopu ya memori GB 4, ya zamani. Itabeba? Na Kiswahili kipo?

FUNDI WA TANDIKA

Dogo, toleo la mwanzo la 2011 linahitaji memori GB 2, nafasi GB 6 na kadi ya picha ya MB 512, litaenda. Special Edition ya Oktoba 2016 wanapendekeza memori GB 8 na nafasi GB 12, hiyo itakutesa. Kama unashusha mtandaoni, subiri bando la usiku. Kiswahili hakipo, ila Kiingereza chake cha vitabu vya mle ndani kinasomeka, mimi maneno mengi nimeyaokota humo. Anza bila modi yoyote, umalize hata mwezi, ndiyo uguse.

DOGO WA TEGETA

Wakuu, nimefika Riverwood. Nilikuwa najaribu upinde nikampiga kuku, akafa. Kijiji kizima kimenigeukia, hata yule dada wa kinu cha mbao aliyetoka kunipa ufunguo wa nyumba yake. Nimekimbilia mtoni, wananifuata. Nifanyeje?

MKAZI WA MABIBO

Usirudishe pigo hata moja mdogo wangu. Ingiza silaha uone kama watatulia. Wakikataa, fungua sevu ya nyuma. F5 uliibonyeza wapi mara ya mwisho?

DOGO WA TEGETA

Niliibonyeza wakati natoka kwenye nyumba. Nimefungua. Kuku mzima, anatembea mbele ya duka. Sasa hivi ni asubuhi huku, naona daraja, na ng'ambo yake kule juu kuna magofu na theluji. Ndiyo ile njia uliyosema?

MKAZI WA MABIBO

Ndiyo yenyewe. Vuka, halafu punguza mwendo.